Milivolti Nne za Baba

Kasha la santuri za baba lilinifikia Dar es Salaam mwaka 2008 ndani ya buti la basi la Tanga, limefungwa kamba ya mkonge na kuvikwa kanga mbili za mama. Nilipolifungua nilihesabu santuri 63. Nyingi zilikuwa zile ndogo za spidi ya 45, chache kubwa za 33, na nne nzito za 78 ambazo babu alizinunua kabla baba hajaoa. Mama alikuwa amenipigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo. "Nimechoka kuzitazama zimenyamaza, mwanangu. Wewe uko mjini, tafuta cha kuzipigia."

Mashine ya santuri niliipata ndani ya wiki mbili, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya na kuuza vyombo vyake vya nyumbani. Ilikuwa mashine nzuri, ya mkanda, yenye kichwa cha sumaku na sindano mpya ya almasi. Amplifaya ndiyo iliyonichukua miaka mitatu. Nilikosea mara mbili, na mara zote mbili nilikosea kwa sababu ileile: nilianza kuchagua kutoka upande wa spika, kwenye kishindo, wakati sauti ya santuri inaanzia upande wa pili kabisa, kwenye ncha ya sindano.

Kwetu Ngamiani tulikuwa na radiogramu. Kabati la mbao lenye miguu minne, redio upande mmoja, sahani ya santuri upande wa pili, na kitambaa cha rangi ya dhahabu kilichofunika spika. Ndani mlikuwa na valvu. Baba, karani wa reli, akirudi kazini aliiwasha kwanza ndipo akaenda kuoga, na alipomaliza valvu zilikuwa zimeshapata moto. Sisi watoto tulichungulia kwa nyuma kutazama ule mwanga wa chungwa. Kisha nyimbo zikaanza: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za mji wetu, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, na taarab alizonunua Mombasa kila alipovuka Horohoro, santuri za nembo ya Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand. Enzi hizo bendi za Tanzania zilikwenda Nairobi kurekodi santuri, kwa kuwa mitambo ya kuzifyatua ilikuwa huko. Kwa hiyo wimbo uliotungwa mtaa wa tatu kutoka kwetu ulisafiri hadi Nairobi, ukapikwa, ukarudi Tanga ukiwa ndani ya bahasha ya karatasi.

Sindano iliporuka, baba alichukua senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, akaiweka juu ya kichwa cha mkono wa sindano ili kiwe kizito. Sauti ilitulia. Sarafu hiyo ilikaa pale miaka mingi hata ikaacha alama ya duara kwenye plastiki. Nitairudia baadaye, maana kazi iliyoifanya kwenye mifereji ya santuri zile nimeisikia kwa masikio yangu.

Kosa langu la kwanza nililinunua Kariakoo. Lilikuwa amplifaya jipya, zito usoni na jepesi mkononi, lenye taa za buluu zinazocheza na maandishi makubwa: wati 1,200 PMPO. Nilisoma namba ile nikafurahi. Wakati huo sikujua kwamba PMPO si kipimo. Hakuna kanuni moja inayoitawala, na kila mtengenezaji huandika idadi inayompendeza. Kipimo cha kuuliza ni wati ambazo amplifaya inaweza kutoa mfululizo, kila upande, kwenye spika ya omu 8, bila sauti kuharibika. Kwa mashine kama ile niliyobeba, ukiuliza hivyo, mara nyingi wati 1,200 hushuka zikawa makumi machache tu.

Lakini tatizo halikuwa wati. Nilichomeka waya za mashine ya santuri kwenye tundu lililoandikwa AUX, nikaweka santuri ya Jamhuri Jazz, nikakaa sakafuni. Ikatoka sauti ya mtu anayeimba ndani ya debe, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Besi hakuna kabisa. Matoazi yalikuwa yanachoma kama mafuta ya moto. Nikazungusha sauti hadi mwisho, na wati zangu 1,200 zikanipa mnong'ono pamoja na mvumo. Nikajaribu santuri ya pili, ya tatu, ya kumi. Usiku ule niliamini kwamba santuri za baba zimekufa, na mama aliponipigia nilimwambia kichwa cha mashine bado kinatengenezwa. Ulikuwa uongo, na uliniuma, kwa sababu nilisikia kwenye simu jinsi alivyonyamaza.

Aliyenifungua macho ni fundi redio mmoja wa Gerezani, mzee aliyekuwa na kibanda cha mabati kilichojaa redio zilizofumuliwa. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye risasi yake ya kulehemu, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Santuri zako ni nzima, binti," alisema. "Umemnong'oneza mtu aliyezoea kupigiwa kelele."

Kisha akanieleza kwa namba, na namba hizo sijazisahau. Mashine ya sidii hutoa karibu volti 2 inapopiga kwa nguvu zake zote. Kichwa cha sumaku cha mashine ya santuri, kile ambacho sumaku ndogo hutikisika karibu na nyuzi za shaba, hutoa milivolti 4 au 5. Gawanya mwenyewe: volti 2 kwa milivolti 4 ni mara 500. Ipo na aina nyingine ya kichwa, ambamo sumaku imetulia na nyuzi ndizo zinazotikisika. Hiyo hutoa hata nusu milivolti au chini yake. Tundu la AUX limetengenezwa kwa wale wenye sauti kubwa. Santuri inahitaji mlango wake, ulioandikwa fono, na nyuma ya mlango huo hukaa amplifaya ndogo ya kwanza, inayokuza kile kidogo karibu mara 100 kabla amplifaya kubwa haijakigusa.

Na kukuza tu hakutoshi. Hapa ndipo mzee alipoweka chuma chini na kuchora kwa penseli juu ya boksi. Sauti za besi zikichongwa kwenye santuri kwa ukubwa wake halisi, mfereji utayumba mno kushoto na kulia. Utakula nafasi na kuirusha sindano. Kwa hiyo wakati wa kuchonga besi hupunguzwa makusudi. Sauti nyembamba nazo huongezwa, ili wakati wa kupiga zikipunguzwa tena, mchakarisho wa plastiki upungue pamoja nazo. Kanuni ya kupunguza na kuongeza inaitwa RIAA, na tangu 1954 ndiyo iliyokuja kufuatwa na viwanda vya santuri. Kazi ya mlango wa fono ni kuirudisha sauti kinyumenyume: kwenye hezi 20 inapandisha karibu desibeli 20, na kwenye hezi 20,000 inashusha karibu desibeli 20. Ukipitia AUX hakuna kinachorudishwa. Unasikia santuri kama ilivyochongwa, besi zimefungiwa na matoazi yamefunguliwa. Lile debe langu lilikuwa hilo.

Nikamuuliza mbona radiogramu ya baba haikuwa na shida hiyo. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyekumbushwa ujana. Radiogramu nyingi zilitumia kichwa cha fuwele au cha kauri, ambacho hutoa mamia ya milivolti na kwa asili yake hukaribia kuirekebisha RIAA chenyewe. Ndiyo maana valvu mbili tatu zilitosha. Lakini vichwa vile vilikuwa vizito. Cha kwangu kinakanyaga santuri kwa gramu 2 hivi. Vile vilikanyaga mara mbili hata mara tatu ya hapo, na ukiweka sarafu juu yake, sindano haipiti tena kwenye mfereji, inalima.

Alinitengenezea kisanduku cha fono, kidogo kama kibiriti kikubwa. Nilipokichomeka besi zilirudi, na nikakaa nikatokwa na machozi. Vilevile ukaja mvumo mzito usiokatika, ule wa hezi 50 wa umeme wa majumbani. Mwenye kukuza milivolti hukuza kila kitu kinachopita karibu nazo. Dawa zilikuwa mbili: kuufunga waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine ya santuri kwenye kijiskrubu cha nyuma ya kisanduku, na kuisogeza transfoma ya amplifaya mbali na kichwa cha sindano. Nilikuwa nimepanga moja juu ya jingine kama vyombo vya kabatini. Nilivitenganisha kwa hatua moja, mvumo ukazimika kama mtu aliyefunga mlango.

Kosa la pili nalilaumu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeshaonywa. Lile amplifaya la Kariakoo lilinichosha. Lilikuwa na sauti ya ukali isiyoisha hata nikipunguza. Nikapata amplifaya la Kijapani lililotumika, la miaka ya 1970, uso wa alumini, vitufe vizito, mlango wa fono ndani yake. Muuzaji alisema linafanya kazi. Mzee alikuwa ameniambia nisiwashe chochote kabla hajakiona. Sikungoja. Nililichomeka kwenye soketi ya ukutani, likanguruma, likatoa harufu, na moshi mwembamba ukapanda kwenye matundu ya juu. Vilivyouzwa Japani kwa matumizi ya Japani ni vya volti 100. Soketi zetu ni za volti 230. Transfoma iliungua kabla sijafika kwenye swichi.

Mzee hakunigombeza. Aliligeuza lile amplifaya, akanionyesha kibati cha nyuma kilichoandikwa 100V kwa herufi ndogo, akasema: "Macho yangekugharimu bure."

Tangu hapo nimewaambia wote wanaoniuliza: geuza kwanza, ndipo utazame uso. Kwa mitumba inayotoka Japani au Marekani, namba ya volti ni muhimu kuliko jina la kampuni. Baadhi ya amplifaya zilizotengenezwa kuuzwa nchi nyingi zina swichi ya kuchagulia volti nyuma; hizo ndizo za kutafuta. Nyingine zote zinahitaji transfoma ya kushushia, tena kubwa ya kutosha, na kila siku mtoto au mgeni anaweza kusahau akachomeka moja kwa moja.

Nilipoanza mara ya tatu, mwaka 2011, nilianza na sindano. Kichwa cha sumaku, milivolti 4: basi nahitaji mlango wa fono wa aina hiyo, wenye mzigo wa kiloomu 47, na sihitaji kulipia mlango wa vile vichwa vya nusu milivolti. Santuri zimechakaa. Spika ninazo mbili za wastani. Sebule ni mita 4 kwa 5. Hapo ndipo swali la wati lilipokuja, na likawa la mwisho badala ya la kwanza.

Jibu lake lilinishangaza. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa karibu desibeli 88 ukiwa umbali wa mita moja. Mazungumzo ya watu wawili ni kama desibeli 60. Maana yake, usiku nikisikiliza taarab huku jirani kalala, natumia sehemu ndogo tu ya wati moja. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haliishangilii. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo anayehangaika kuchagua kati ya wati 40 na wati 60 anahangaikia kitu kidogo sana. Amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupendwa na wasikilizaji dunia nzima, iliandikiwa wati 20 tu kila upande. Nguvu yake ilikuwa kwenye uwezo wa kutoa zaidi kwa kitambo kifupi ngoma inapopigwa, na kwenye mlango wake wa fono uliotengenezwa kwa makini.

Niliyoipata ni ya Kijapani, wati 35, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye swichi ya volti nyuma. Safari hii niliipeleka Gerezani ikiwa imefungwa vilevile. Mzee aliifungua, akanionyesha kapasita mbili zilizoanza kuvimba, akazibadilisha. Kila kitufe nilipokizungusha kilikwaruza. Hewa yetu ya chumvi hula metali ndani ya vitufe hivyo, naye akavipulizia dawa akavizungusha mara nyingi hadi vikawa laini. Kisha, kabla ya kuunga spika, aliweka mita kwenye matundu ya spika huku amplifaya imewashwa bila muziki. Ilisoma milivolti chache. Kama ingesoma volti kadhaa, alisema, ingekuwa inapeleka umeme mnyoofu kwenye spika na kuziunguza kimyakimya. Kipimo kile kilichukua dakika moja. Sitanunua tena amplifaya iliyotumika bila kukiona kikifanyika mbele yangu.

Watu huniuliza kuhusu valvu, kwa sababu najua kuzisimulia. Nazipenda kwa moyo wote, lakini sikununua. Valvu hazipatikani kirahisi hapa, huchoka baada ya saa elfu kadhaa, hupasha chumba ambacho tayari kina joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, na ndani ya amplifaya zake hukaa volti mia kadhaa hata baada ya kuzimwa. Mwenye uwezo na fundi wa karibu aendelee. Vile vidude vidogo vya Kichina visivyozidi ukubwa wa kitabu navyo nimevisikia, na vingine vinapiga vizuri ajabu. Ila vingi havina mlango wa fono, kwa hiyo weka fedha ya kisanduku kando kabla hujafurahia bei.

Kitu kilichonifanya niipende amplifaya yangu kuliko vyote ni swichi ndogo ambayo mwanzoni sikuijali: mono. Santuri nyingi za baba za spidi 45 zilirekodiwa kwa mono. Kwenye santuri ya mono, muziki wote umo katika mwendo wa sindano wa kushoto na kulia. Ule wa juu na chini hauna muziki ndani yake. Una vumbi, mikwaruzo, plastiki iliyopinda. Kichwa cha stereo husoma mienendo yote miwili na kuipeleka yote kwenye spika. Ukibonyeza mono, pande mbili huchanganywa kuwa moja, na mwendo wa juu na chini hujifuta wenyewe, kwa kuwa upande mmoja unapoupandisha mwingine unaushusha. Nilipoibonyeza mara ya kwanza nusu ya uchakavu iliondoka. Mikwaruzo iliyobaki, ule mchakarisho unaokuja kila sauti inapopanda, ndiyo kazi ya senti kumi ya baba. Siwezi kuifuta. Nimezoea kuisikia nikijua mkono ulioiweka.

Santuri zile nne za 78 sijazitendea haki bado. Zinataka sindano pana zaidi, kwa kuwa mifereji yake ni mipana kama mara tatu, na zilichongwa kabla ya RIAA. Zimekaa kwenye bahasha mpya.

Desemba ya mwaka huo nilipakia vyote nikavirudisha Tanga. Niliweka mashine juu ya ubao uliopigiliwa ukutani, mbali na spika, maana tulipoijaribu juu ya kabati besi za spika ziliitikisa sindano, sindano ikazirudisha kwenye spika, na nyumba ikaanza kunguruma. Mama akatandika mkeka juu ya sakafu ya saruji bila kujua kwamba anarekebisha mwangwi. Kitufe cha sauti kilikuwa hakijafika robo ya mzunguko. Vitufe vya besi na trebo nilikuwa nimeviweka katikati kabisa, kama nilivyofundishwa, ili sauti itoke kama ilivyorekodiwa.

Nikaweka Jamhuri Jazz. Mama akakaa kimya hadi katikati ya upande.

"Huyu wa gitaa la pili," alisema, "sijawahi kumsikia. Alikuwepo siku zote?"

"Alikuwepo, mama."

Akasikiliza tena. Nikaona anatikisa kichwa kidogo, na haikuwa kwa ajili ya muziki.

"Lakini siyo sauti ya baba yako. Ya baba yako ilikuwa na kifua."

Nilijua anachokitaka. Lile kabati la mbao lilikuwa likivimbisha besi na kuziba zile sauti nyembamba, na alilisikiliza kwa miaka ishirini akikatakata mchicha. Nikainuka nikazungusha besi kuelekea kulia polepole, nikashusha trebo, nikimtazama yeye. Aliponyoosha kiganja nikaacha hapo.

"Hapo hapo," akasema. "Usiguse."

Vitufe viko palepale hadi leo.